Kastadi Kwenye Jezi ya Marehemu

Wiki iliyopita mliniacha mbele ya kioo cha chumba cha jezi, mlango nimeutia komeo, jezi ya marehemu Stanley Hargreave iko mwilini mwangu, najiambia naijaribu tu.

Naijaribu! Kama paka anavyojaribu maziwa.

Aliyechelewa kuingia asogee, nafasi ipo. Naitwa Howard Entwistle. Umri wangu miaka hamsini na minane, kazi yangu kukagua mita za gesi, na Jumamosi mimi ndiye mtunza jezi wa klabu ya raga ya hapa Hollinbeck, mji ambao jua likiwaka siku mbili mfululizo watu huulizana kulikoni. Nina mke, Lorna, mwenye moyo mweupe kuliko mashuka anayoanika.

Na nina siri. Jumapili moja ya kila mwezi naenda mji wa Oldham kwa mwanamke aitwaye Bernice. Msikimbilie huko mnakokimbilia. Kwa Bernice watu wazima wenye akili zao huvaa nguo za michezo, safi, zilizopigwa pasi, halafu humwagiana kastadi.

Ndiyo, kastadi, ule uji mzito mtamu wa maziwa na vanila. Na tope, na maharage ya kopo, na lolote lenye kuteleza.

Mmemaliza kucheka? Basi mnakumbuka jinsi gari lilivyopasuka tairi nikiwa na jemu ndani ya soksi, na askari akaniuliza kama nimeumia. Mnakumbuka pia Lorna alivyolikuta sanduku la bukta zinazong'aa kule bandani, nami nikamwambia ni mali ya klabu. Akaamini. Lorna huamini kama wengine wanavyopumua.

Kisha Stanley akafa. Alikuwa nahodha wetu zamani, mwaka ule tulipobeba kombe. Mkewe, Edna, akaniletea jezi aliyovaa siku ile, ameitia ndani ya foronya. Nyeupe, mstari mpana wa bluu kifuani, namba kumi na tatu mgongoni, pamba nzito ya kizamani.

"Nitunzie, Howard," akaniambia. "Ijumaa italala juu ya jeneza lake."

Ndiyo jezi hiyo niliyokuwa nayo mwilini mbele ya kioo. Na Jumapili hiyo Bernice alikuwa ametangaza siku ya jezi za zamani.

*

Nilimwambia Lorna nakwenda kukaa na Edna.

"Maskini, yuko peke yake," nikasema. "Nitakaa naye kutwa."

Lorna akanibusu shavuni. "Ndiyo maana nilikubali kuolewa na wewe," akasema, akanifungia biskuti za kumpelekea mfiwa.

Biskuti hizo tulizila Oldham. Nazitaja ili mjue mnaongea na mtu wa namna gani.

Bernice hukodi ghala nyuma ya duka la mazulia. Ni mtengeneza nywele, mnene, ana sauti ya kusikika hadi kituo cha basi, na shingoni huvaa filimbi ya refa.

"Howard! Mtakatifu wa mita!" akaniita nikiwa bado mlangoni. "Umetuvalia nini leo, ficha-ficha wewe?"

Nilikuwa nimejifunga taulo shingoni, limeteremka mbele na nyuma.

Kwa Bernice sheria ni moja. Taulo shingoni, huguswi. Utakaa, utakunywa chai, utatazama, utacheka, na hakuna atakayekurushia hata tone. Ukilivua taulo ukakanyaga turubai, umekubali, na hakuna wa kukuuliza mara mbili. Ndiyo adabu yetu, na tunaiheshimu kuliko watu wengi wanavyoheshimu ndoa zao. Naanzia kwangu.

Siku hiyo alikuja mgeni, mama mmoja mpole aitwaye Philippa, taulo lake kalikaza kama kitanzi.

"Samahanini," akauliza, "kinachonitatiza ni kimoja tu. Kwa nini nguo za michezo? Si mngevaa matambara?"

Loo! Ungedhani kamwaga mtama kwenye kuku.

"Matambara!" Gerald akaruka. Gerald ni karani wa benki aliyestaafu, siku zote huvaa jezi ya golikipa. "Tambara lishakata tamaa, dada. Ukilimwagia limepoteza nini? Lakini hii angalia. Imepigwa pasi, ina nembo, ina namba. Imejiandaa!"

"Na inateleza!" mtu akadakia kutoka kwenye bwawa la plastiki.

"Na inalia. Traksuti ikitembea, shwaa, shwaa. Ikilowa inanyamaza. Mimi hapo tu nimekwisha!"

"Na bukta inavyong'aa," akasema mwingine. "Kastadi haiingii. Inatambaa juu yake polepole kama inatafuta nyumba ya mtu."

Bernice akamaliza shauri. "Na ukirudi kwako unaisuuza kwa maji baridi, unaitundika, chai haijapoa nayo imekauka, hakuna ushahidi. Kajaribu hivyo na koti la sufu."

Watu wakavunjika mbavu. Gerald peke yake hakucheka.

"Mimi sikuwahi kuchaguliwa kwenye timu yoyote maishani," akamwambia Philippa kwa sauti ya chini. "Hapa nina namba moja mgongoni. Na wakinirushia, wananirushia mimi."

Hakuna aliyewahi kuniuliza mimi swali lile la Philippa, na labda hapo ndipo taabu ilipoanzia. Kwa wengine ni kicheko cha Jumapili. Kwa wengine, nami nimo, ni kitu kinachopasha damu moto. Nguo ya michezo ni usafi uliotengenezwa uchafuliwe. Ukiivaa una ruhusa. Kutwa nzima nakagua mita kwenye nyumba za watu nikivua viatu mlangoni nisikanyage zulia la mtu. Nimesema, na sitarudia.

"Na yako je, Howard?" Gerald akanigeukia. "Mbona umeifunika kama mchumba? Hiyo ni pamba!"

"Ni ya zamani kidogo."

"Ya zamani kidogo, anasema! Sogea kwenye mwanga tuone namba."

"Leo mimi mtazamaji."

"Nani kakuomba ucheze? Tuone tu!"

Sifa, jamani. Sifa zilimponza mbwa wa bucha. Pale palikuwa na watu wanaojua jezi kuliko makocha wanavyojua mpira, na mimi nimevaa jezi ambayo hakuna mmoja wao angewahi kuiona. Taulo lilikuwa limefunika nembo mbele na namba nyuma.

Nikalivua.

Taa nzuri ilikuwa juu ya turubai. Nikasogea, nikageuza mgongo, nikasikia Gerald anasema "Lahaula, kumi na tatu," na mikono yangu ikapanda yenyewe kama nahodha anayeinua kombe.

Filimbi ikalia.

Bernice alikuwa nyuma yangu na ndoo. Aliona nini? Shingo tupu, miguu juu ya turubai. Alifanya alichotakiwa kufanya. Kastadi ya baridi, ya kijani, ndoo nzima.

Sasa niseme, maana pa kusemea ni hapa. Ile kastadi iliposhuka kifuani, kabla akili haijafika, nilifurahi. Nilifurahi ndani ya nguo ya mtu ambaye hajazikwa.

Halafu akili ikafika.

"Ni ya nani hiyo?" Bernice alikuwa ameiona sura yangu, kicheko kikamkauka. "Howard, ulivua taulo! Nilikuona umevua!"

"Nilivua."

"Ni ya nani?"

"Ya marehemu. Anazikwa Ijumaa."

Hata mtu wa bwawani alitoka.

"Maji baridi!" Bernice akapiga kelele. "Gerald, bomba! Vua, Howard, usione haya, nani hapa hajakuona? Nisikilize vizuri. Isikauke. Iloweke, badili maji, iloweke tena. Na maji ya moto usiyasogeze, unanisikia? Kastadi na maji ya moto ni sufuria. Inaiva. Ikiivia ndani ya pamba, imehamia, haihami tena."

"Angevaa nailoni..." Gerald akaanza.

"Nyamaza, Gerald!"

*

Nikailoweka bandani, kwenye ndoo, nyuma ya mashine ya kukatia majani.

Jumatatu nikabadili maji alfajiri na jioni. Kijani kikaanza kuachia, maji yakawa kama supu ya njegere, kisha kama supu ya maskini. Jumanne asubuhi ilibaki alama hafifu tu, ya kuiona ukiambiwa uitafute. Nikaanza kupiga mluzi. Nilijiona mjanja, na mjanja hufa siku anayojiona.

Klabu wakaniita nikapange viti vya mazishi. Nikaenda.

Niliporudi, Lorna alikuwa ameketi sakafuni jikoni, mgongo ameuegemeza kwenye mashine ya kufulia. Mapajani ana kitu cheupe. Sikukitambua. Kilikuwa kidogo.

"Howard," akasema. "Nimemuua Stanley mara ya pili."

Jezi ilikuwa imenywea kama ya mwanasesere. Na kifuani, kutoka kwenye mstari wa bluu hadi tumboni, limekaa doa pana la rangi ya haradali, na pembeni yake ukijani kama ukungu wa mkate. Limeiva.

"Nilikwenda bandani kutafuta vibanio vya nguo," Lorna akasema huku akilia. "Nikaikuta kwenye ndoo. Nikasema, masikini mume wangu, anamfulia Edna kwa mikono yake, na mgongo wenyewe ule! Nikaona nikusaidie. Nikaweka moto wa mwisho, Howard. Nilitaka ing'are. Nilitaka aende ametakata."

"Lorna..."

"Nimefua jezi za klabu hii tangu tuoane! Sijawahi kuharibu hata soksi! Rangi hii imetoka wapi? Mashine imefanya nini?"

Hapo. Hapo hapo, wasomaji wangu. Mlango ulikuwa wazi wa kupitisha tembo. Kulikuwa na mke wangu, na swali, na mimi nilikuwa na jibu lake.

"Labda sabuni," nikasema.

Nikakaa naye sakafuni, nikamkumbatia, nikaongeza: "Ni bahati mbaya, mpenzi. Ingempata yeyote."

Akanifutia mimi machozi. Mimi!

"Wewe ni mwema mno," akasema. "Mwanaume mwingine angenipigia kelele."

*

Mji wetu hauhitaji redio. Na aliyeeneza habari ni Lorna mwenyewe, maana hajui kuficha. Alikwenda klabuni Jumatano asubuhi, akawaambia wanawake wa jikoni, akavua aproni yake akaikunja juu ya meza.

"Tafuteni mwingine wa kutengeneza chakula cha mazishi," aliwaambia. "Mtu aliyechemsha jezi ya marehemu hafai kumpakia mtu siagi."

Mchana niliingia duka la pai. Foleni ilikuwa ndefu, na habari zilifika kabla yangu.

"Aliichemsha kama kabichi!" anasema mmoja.

"Naambiwa sasa inamtosha mbwa wangu."

"Angempelekea Edna na viazi, ungekuwa mlo kamili!"

Wakaniona. Kisha mwenye duka, kwa kunionea huruma, akanikonyeza: "Pole, Howard. Wake zetu hawa, eh? Ukiwapa uzi wanakurudishia fundo."

Nami nikacheka.

Si sana. Kicheko kidogo tu, cha kumridhisha mtu. Pai yenyewe ilinikwama, nikaenda kuwapa ndege.

Usiku ule Lorna hakulala, na asubuhi alivaa koti lake la kanisani.

"Twende kwa Edna," akasema. "Nataka kumwambia kwa mdomo wangu kabla ya kesho."

"Habari amezipata, mpenzi. Mwache apumzike, kesho anazika."

"Kuzipata si kuambiwa na aliyekosa."

"Nitakwenda mimi."

"Kosa ni langu, wewe uende kwa nini?"

Nilikuwa na majibu ya swali hilo, yote mabaya. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa mitaa miwili, na Lorna anatembea haraka.

*

Edna Hargreave ni kikongwe mdogo, mkavu, macho yake kama ya ndege anayechagua punje. Alitufungulia, akatuketisha. Lorna hakuketi. Alipiga magoti pale pale kwenye zulia, akaifungua foronya, akamwekea jezi mapajani.

"Nisamehe, Edna. Ni mimi. Ni ujinga wangu. Moto wa mwisho, nilitaka ing'are. Kesho nitakaa nyuma kabisa, au usipotaka nisije, sitakuja."

Edna aliikunjua jezi akaitandaza. Akalipitishia doa kidole. Akaliinamia akanusa, akabaki ameinama muda mrefu kuliko mtu anavyonusa kitu asichokijua. Nilisali. La kuvunda halina ubani, na hili lilinukia vanila.

"Ilikuwa imechafuka?" akamuuliza Lorna, mpole kabisa.

"Hapana! Uliileta safi. Howard aliiloweka tu kwenye maji baridi."

"Niliileta safi," Edna akakubali. "Niliifua mwenyewe, nikaipiga pasi. Sasa aliilowekea nini?"

Lorna akanitazama, si kwa shaka, kwa kuomba msaada tu.

"Vumbi," nikasema. "Ilikaa sana kabatini."

"Hii haijakaa kabatini. Ilikaa chini ya mto wa Stanley."

Chumba kikawa kidogo. Lorna, mke wangu mwema, akaona nabanwa, akakimbilia kunitetea. Na hapo ndipo aliponimaliza.

"Usimlaumu Howard, Edna. Unajua mwenyewe alivyokupenda wewe na Stanley. Jumapili nzima si alikuwa hapa nawe? Alirudi amechoka, hata chakula hakugusa."

Edna akainua macho.

"Jumapili," akasema.

Kikulacho ki nguoni mwako, waliposema hivyo walikuwa wananingojea mimi. Edna alinitazama, akamtazama Lorna aliye bado magotini, akarudi kunitazama mimi.

"Ndiyo," akasema. "Jumapili alikuwa hapa. Alikula keki yangu."

Sijui mlitegemea nini. Mimi sikutegemea hilo.

"Inuka, mwanangu, utaumia magoti," akamwambia Lorna. "Nenda jikoni ututengenezee chai. Birika langu la zamani, linachelewa. Lingoje mpaka lipige mluzi."

Lorna akajifuta macho, akaenda. Edna akasikiliza mpaka bomba lilipofunguliwa kule jikoni. Kisha akasogeza kiti.

"Jumapili nilioka keki," akaninong'oneza. "Nilisema mtu wa klabu hatakosa kuja. Niliketi dirishani na kisu mezani. Hakuja mtu."

"Edna, mimi..."

"Sitaki kujua ulikuwa wapi na jezi ya mume wangu. Nimezeeka, nikijua nitaota. Kesho itakaa juu ya jeneza hivyo hivyo na doa lake. Stanley hakuwahi kutoka uwanjani akiwa safi, ingekuwa safi angeshangaa." Akailaza jezi vizuri mapajani. "Lakini yule mtoto amepiga magoti kwenye zulia langu kwa kosa lisilo lake. Mji mzima unamcheka. Na wewe umekaa umepakata mikono. Hilo sitaingia nalo kanisani."

"Nitamwambia. Baada ya mazishi, naapa..."

"Una mpaka birika lipige mluzi."

"Edna, tafadhali. Hutaelewa. Yeye hataelewa. Si mambo ya mwanamke mwingine, ni kitu cha... ni kitu cha ajabu tu."

"Birika likipiga nawe hujasema, nitasema mimi. Na mimi ukweli siujui, Howard, kwa hiyo nitabuni." Akaegemea nyuma. "Na nitabuni jambo baya. Nina miaka themanini, nimesikia mengi."

Jikoni vikombe viligongana. Nilijaribu kuanza. Nilitafuta neno la kwanza, na kila nililolishika liliteleza. Unaanzia wapi? Lorna, kuna ghala. Lorna, unajua kastadi? Lorna, nilisema sabuni. Hilo la mwisho ndilo lililonichoma. Nikagundua kuwa la kumwambia kuhusu bukta na ndoo ningelipatia maneno siku moja, hata kama ni kwa kigugumizi. Lisilo na maneno ni lile la sabuni. Na kile kicheko cha duka la pai.

Birika likaanza kwa mbali, kama mtu anayenung'unika usingizini. Likapanda. Likapiga mluzi, mrefu, mwembamba, mlio ule ule wa filimbi ya Bernice, na mwili wangu mjinga ukajikaza kungojea kitu cha baridi.

Mluzi ukakatika. Lorna amelitoa motoni.

Edna akakunja mikono juu ya jezi. "Haya," akasema.

Hatua zikaja ukumbini. Si haraka haraka kama za Lorna. Mlango ukasukumwa kwa nyonga, akaingia na sinia kwa mikono miwili: buli, vikombe vitatu, na katikati ile keki ya Jumapili.

Ilikuwa nzima, mviringo kamili, sukari ya juu haina hata ufa.

Lorna hakuwa analia tena. Hakumtazama hata Edna.

"Edna," akasema, macho yake kwangu, "umesema Jumapili Howard alikula keki."

Edna akafumba macho. "Nimesema."

"Hii haijaguswa na kisu."

Nikasimama.

"Lorna," nikasema, "tua hilo sinia kwanza."

"Situi." Vikombe vilianza kutetemeka juu ya sinia, kimoja baada ya kingine, lakini sauti yake ilikuwa tulivu kuliko nilivyowahi kuisikia tangu tuoane. "Ni zile bukta za bandani, siyo?"